Folda ina kufuli, jina liko barazani

Nyota tatu, na ya tatu nimeitoa kwa shingo upande.

Ofisi yetu iko Dar es Salaam, tupo watu kumi na mmoja, mimi nashika masijala. Mwaka jana bosi alichoka na makabati, tukalipia programu ya kutunza nyaraka mtandaoni. Jina nalihifadhi, bado tuna mkataba nao.

Kwenye kazi yenyewe sina neno. Ukitafuta namba ya ankara iliyofichika katikati ya PDF ya kurasa 40, inakuja palepale. Zamani ningepanda kiti nivute maboksi, nishuke na vumbi kichwani.

Kilichonikera ni folda binafsi. Kila mfanyakazi ana sehemu yake, unaweka kufuli, mwingine hafungui. Kweli hafungui, ila jina analisoma. Mimi nilifungua yangu nikaiita "Kliniki ya kisukari - bima", nikaweka risiti za vipimo. Jumatatu mhudumu akaniletea chai, naonja, haina sukari hata chembe. "Dada, nimeona leo nikuwekee hivi," akasema kwa upole kabisa. Nilikuwa sijamwambia mtu, hata mama yangu mzazi.

Nikabadilisha jina haraka, nikaandika "Mengineyo". Kumbe kuna ukurasa wa historia ya shughuli ambao ofisi nzima inauona, na pale juu kabisa pakatokea mstari: fulani amebadilisha "Kliniki ya kisukari - bima" kuwa "Mengineyo". Hata ambaye alikuwa hajaiona folda, sasa akaiona. Bora ningenyamaza.

Pale nilipofundishwa kazi hii, jalada la siri lilikuwa na namba tu juu ya gamba. Jina lilikaa kwenye rejista, rejista kwenye droo, ufunguo kwa mama mmoja mkali ajabu. Tarishi angelibeba jalada ghorofa tatu asijue amebeba mambo ya nani.

Huduma kwa wateja walijibu baada ya siku nne. Wakasema upande wa msimamizi kuna mpangilio wa kumficha mtu folda asizoruhusiwa kufungua, lakini programu huja nao ukiwa umezimwa. Fundi wetu wa kompyuta akacheka, maana seva za Windows, zile kompyuta za kutunzia mafaili ya ofisi nzima, zina kitu hichohicho tangu toleo la Windows Server 2003 SP1, na hata huko mtu akisahau kukiwasha majina yanabaki nje. Tuliuwasha, folda za watu zikatoweka machoni. Historia ndiyo haifutiki. Eti ni kwa ajili ya ukaguzi. Wakague nini, sukari yangu?

Nikampelekea bosi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nikamwonyesha kwamba habari za afya zimo kwenye taarifa nyeti. Akaisoma kimya, akawaandikia wenye programu ukurasa wa historia ubaki kwa msimamizi peke yake. Hawajajibu.

Ukiichukua, mwambie msimamizi awashe mpangilio wa kuficha folda kabla hajaingiza hata mtu mmoja, na folda yako ipe namba. Yangu sasa inaitwa 07. Chai bado inakuja bila sukari.