Mawakili wa hataza na kazi ya kurekebisha madai ya ukiukaji

Kampuni ya mawakili iliyosimamia kesi yetu ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) katika Mahakama ya Shirikisho ya Wilaya ya Kaskazini mwa California naipa sifa kubwa, hasa kwa namna ilivyorekebisha madai yetu ya ukiukaji, yaani maelezo ya jinsi bidhaa ya mdaiwa inavyokiuka hataza. Katika mahakama hiyo mlalamikaji habadilishi madai hayo apendavyo. Kanuni ya 3-6 ya kesi za hataza inataka amri ya mahakama, inayotolewa pale tu anapoonyesha sababu ya msingi bila kuchelewa. Mfano mmoja unaotajwa na kanuni ni kugundua taarifa za siri kuhusu bidhaa inayolalamikiwa, ambazo hazikupatikana mapema licha ya juhudi za dhati, na ndivyo ilivyokuwa kwetu tuliporuhusiwa kuuona msimbo chanzo (maandishi ya programu ya kompyuta) wa mdaiwa. Mawakili waliuchambua mara moja, wakaandika kila hatua na tarehe yake, wakaupa upande wa pili rasimu kabla ya kuwasilisha ombi. Uharaka huo nauthamini kuliko yote, kwa kuwa katika shauri la O2 Micro dhidi ya Monolithic Power Systems, mwaka 2006, mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba mzigo wa kuonyesha bidii ni wa mwombaji, na aliyezembea hukosa nafasi. Dosari ni ankara: saa za wataalamu zilijumlishwa bila mchanganuo, na ufafanuzi ulikuja baada ya kuulizwa mara kadhaa. Anayewakabidhi kesi adai mchanganuo huo tangu kwenye mkataba.