Wiki sita leba kituo cha afya, nawapa nyota nne na nusu

Wadau wa uuguzi habarini. Nimemaliza fildi, yani mafunzo ya vitendo, ijumaa iliyopita, naomba niandike kabla sijasahau, mana mwaka jana nlitafuta sana mtu wa kunieleza fildi inakuaje nikakosa, kila unaemuuliza anakwambia tu utajionea mwenyewe. Mimi nasoma diploma ya uuguzi na ukunga chuo kimoja hapahapa Dar, niko mwaka wa pili yani NTA level 5, na mpaka sasa nimepita sehemu mbili, mwaka jana hospitali kubwa na mwaka huu kituo cha afya pembezoni mwa mji, upande wa leba yani wodi ya kujifungulia. Majina ya pote pawili naomba niyaache. Rivyu hii ni ya kituo cha afya ila itabidi nikiguse na kule kwa kwanza, bila hivyo hamtaelewa kwa nini nawapa nyota zote hizi.

Majina yalivyobandikwa pale ubaoni nlilia, nasema ukweli. Wenzangu wamepangiwa Amana, Temeke, Mwananyamala, kuna waliopata Muhimbili, mimi na wenzangu watatu tunapelekwa kituo cha afya ambacho konda wa daladala mwenyewe ilibidi aulize abiria kipo wapi. Kichwani kwangu nlijua fildi ya maana ni ya hospitali kubwa, huko ndo kuna kesi, kuna madaktari bingwa, kuna mashine. Mamdogo akaniambia nenda mwanangu, uchungu wa mama mmoja hauangalii jengo. Sikumwelewa siku ile.

Sasa kule hospitali kubwa mwaka jana ilikuaje. Raundi ya asubuhi kitanda kimoja kinazungukwa na daktari bingwa, madaktari wa intani, wanafunzi wa udaktari, halafu sisi wanafunzi wa uuguzi wa vyuo vinne tofauti, mgonjwa yuko katikati pale kama maiti inayoagwa, na wewe uko mstari wa tatu unaona makoti meupe tu. Masista wa pale siwalaumu, wodi imejaa, sista mmoja ana wagonjwa wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia, muda wa kumfundisha mtoto wa mwaka wa kwanza atautoa wapi. Kwa hiyo nikawa mtu wa kutandika vitanda, kupeleka sampo maabara, kupima BP na joto, basi. Wiki nane nimejaribu kuweka kanula, kile kimrija cha dripu, mara mbili tu, zote nimekosa mshipa, na hakuna aliekuja baadae kuniambia nlikosea wapi. Wiki ya mwisho ndo ikaniumiza zaidi, watu tumepanga foleni na prosija buku, kile kitabu cha kurekodi kazi ulizofanya kwa mikono, tunasainiwa, kitu ulichokiona mara moja kwa mbali unaandikiwa umefanya mara tano. Na mimi nlisainiwa hivyo hivyo. Nlichukua ile saini, mpaka leo nikiifungua ile karatasi roho inaniuma, mana kuna siku mgonjwa atanipa mkono akiamini kweli nimefanya mara tano.

Kituo cha afya siku ya kwanza tumefika saa moja na nusu asubuhi, incharji wa leba, mama mtu mzima, katuamkia vizuri tu baada ya shikamoo zetu, kachukua prosija buku zetu zote nne kaziweka kwenye droo yake kafunga. Akasema hapa simsaini mtu kitu ambacho sijaiona mikono yake ikifanya. Halafu akatueleza utaratibu wake, kwanza utaangalia nafanya mimi, kisha tutafanya pamoja mkono wangu juu ya mkono wako, kisha utafanya mimi nakuangalia, ukishafika hapo ndo utafanya mimi nikiwa hatua mbili tatu pembeni. Na kabla hujamgusa mama yeyote jitambulishe, sema mimi ni mwanafunzi, naomba ruhusa, akikataa sema asante mama na uondoke na usinune. Hilo la ruhusa jamani kule kwa kwanza sikuwahi kulisikia hata siku moja.

Naomba niwaeleze kitu kimoja tu kwa urefu ili muone. Siku ya nne hivi, kuna mama mimba ya tatu, kaja na uchungu, njia imefunguka sentimita tano. Sista akanipa fetoskopu, ile ya kizamani kama kitarumbeta, akaniambia msikilize mtoto dakika nzima usihesabu nusu ukazidisha. Nikamsogelea nikamwambia shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi, naomba nimsikilize mtoto. Akanijibu haya mdogo wangu fanya haraka mwingine unakuja. Nikasubiri uchungu ule ukapita, nikaweka fetoskopu, sikio juu, naangalia saa yangu. Nikasikia kabisa, du du du, nikahesabu mpaka dakika ikaisha, 84.

Mwili wote ukawa wa baridi. Darasani tumeimba kama wimbo, mapigo ya mtoto tumboni yanatakiwa yawe 110 mpaka 160 kwa dakika, sasa hii 84 maana yake mtoto anakufa na mimi ndo nimesimama hapa. Nikamwangalia sista usoni, mdomo hautoki. Yeye wala hakupaniki, wala hakunifokea mbele ya mama. Alinishika mkono wa kushoto, akachukua vidole vyangu viwili akaviweka kwenye mshipa wa mkono wa yule mama, akasema taratibu sikiliza tena huku unahesabu na hapa. Nikasikiliza. Du ya sikioni na pigo la kwenye vidole vinaenda pamoja, kimoja kikigonga na kingine kinagonga. Akasema unamsikiliza mama huyo, mtoto hujampata bado.

Akanirudisha kwenye tumbo, mikono yake juu ya yangu, akanifanya nipapase upande huu kuna vinundu vinundu vinavyohama, hiyo ni miguu na mikono, upande huu pamenyooka pagumu kama ubao, huo ndo mgongo, mtoto anasikika mgongoni. Nikahamisha fetoskopu chini kidogo upande wa kushoto, nikaachia mkono kabisa kibaki kimeshikiliwa na sikio tu, na hapo nikamsikia, mbali, haraka haraka, kama cherehani ya fundi inayosikika kutoka nyumba ya pili. 138. Yule mama akauliza yupo? Nikamwambia yupo mama, yupo vizuri kabisa. Nikaenda kuweka nukta kwenye partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, mwenyewe, na baada ya nusu saa nikarudi tena, na nusu saa nyingine tena, sista akiwa pembeni tu.

Hili lilinikalia kichwani siku nzima. Chuo tuna skilz labu nzuri, tuna doli la kuzalisha, mimi nimelifanyia mazoezi sana na nilipata alama nzuri. Lakini doli lina mapigo ya mtoto peke yake, halina mshipa mkononi wenye 84. Kosa nililofanya mimi haliwezi kutokea kwenye doli, kwa hiyo hata kulisahihisha huwezi kujifunzia pale. Na darasani tuliambiwa kabisa, tofautisha mapigo ya mama na ya mtoto, nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari, nikalijibu kwenye mtihani. Kumbe kulijua ni vile vidole viwili.

Msije mkasema naponda labu lakini, sijaiponda. Wiki ya tatu zamu ya usiku, saa tisa hivi, mtoto kazaliwa kalegea, hajalia. Mle ndani walikua masista wawili na mimi. Mmoja akabaki na mama, akapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, akampiga oksitosini uniti 10 pajani ndani ya dakika ya kwanza ili damu isimwagike. Mwingine kamkausha mtoto, kamsugua mgongo, kimya, kakata kitovu kamweka mezani kachukua ambubegi, ule mfuko wa kumpulizia hewa. Mimi kazi niliyopewa ni kuhesabu sekunde kwa sauti na kushika taa. Ile dakika moja tunaiita dakika ya dhahabu, mtoto asielia inabidi awe ameanza kupuliziwa hewa kabla haijaisha, na huyu alianza kupuliziwa nikiwa nimefika 41. Nlichogundua ni kwamba kila alichofanya sista nlikua nakijua kitakachofuata, kichwa kinakua kimenyooka hivi, maski inafunika pua na mdomo, angalia kifua kinapanda, na hiyo yote nimeitoa kwenye doli. Kifua kikapanda. Nikaendelea kuhesabu, mtoto akakohoa, akanyamaza, halafu akalia ile sauti nyembamba, na mama yake nae akaanza kulia.

Ila kitu nachotaka mkijue kuhusu hawa watu ni kilichofuata baada ya hapo. Alfajiri tumeshasafisha, tumeshaandika, sista kaniita kwenye kile chumba chao kidogo, chai ya rangi na chapati, kaniambia hebu nisimulie kuanzia mtoto anatoka. Nikasimulia. Akauliza kwa nini walimkausha kwanza kabla ya ambubegi, kwa nini hawakumnyonya kwa ile pampu mdomoni, nikamjibu maji ya uzazi yalikua safi na njia ya hewa haikua imeziba, akasema sawa, na wewe taa yako ulikua unaiyumbisha, mara nyingine shika kwa mikono miwili. Halafu akaniuliza mwenyewe uko sawa? Hapo ndo machozi yakanitoka. Alinisubiri nimalize. Nusu saa ile ya chai naihesabu ni somo kubwa kuliko muhula mzima, na naamini vyuo vingeifanya iwe lazima, kila baada ya tukio zito mwanafunzi akae chini na mkunga amsimulie alichokiona.

Mapungufu yapo na nitayasema. Masista wawili kwa zamu, siku wakija kina mama watano kwa mpigo hakuna kufundishwa, unakua mkono wa kazi, unakimbia na ndoo na mashuka mpaka jioni, na siku kama hizo zilikua nyingi tu. Maji ya bomba yanakatika, wanategemea tenki. Glovu kuna wiki zilikua chache, nlinunua boksi langu Kariakoo nikawa natembea nalo kwenye begi. Kesi ngumu hutaziona mpaka mwisho, alikuja mama BP 170 kwa 110 na kichwa kinamuuma na anaona maluweluwe, akapewa dozi ya kwanza ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, ambulensi ikambeba kwenda rufaa na sisi tukabaki. Kwa hiyo ukitaka kuona kifafa cha mimba kinahudumiwaje siku ya pili na ya tatu, au oparesheni kubwa, au ICU, huko ndo hospitali kubwa inahitajika, sikatai. Mwalimu wa chuo alikuja kututembelea mara moja tu wiki sita zote, kakaa dakika ishirini kasaini mahudhurio kaondoka, hiyo nusu nyota iliyopungua nusu yake ni ya chuo changu.

Nauli nayo ijueni. Mimi natokea Tabata, daladala mbili kwenda mbili kurudi, naamka saa kumi alfajiri kuwahi kabla foleni haijaanza, na zamu ya usiku ikitoka asubuhi unarudi umelala kwenye siti. Andaeni hela ya nauli mapema msije mkaanza kukosa zamu katikati.

Na kitu kingine ambacho nakisema kwa moyo wote, chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, sasa ukisubiri wiki ya kwenda fildi umeshachelewa. Anzeni mkiwa bado darasani, chuo kisipowapeleka nendeni wenyewe. Mwaka jana kule hospitali kubwa mwenzetu mmoja alijichoma na sindano iliyotumika, akaificha siku nzima akiogopa kufokewa, jioni tukiwa kituoni tunasubiri gari ndo ananiambia. Tulirudi wote wodini usiku ule. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na mwisho ni masaa 72, kila saa unalokaa kimya ni la hasara kwako. Kwenye kituo hiki nlichokua mwaka huu incharji alituonyesha hilo siku ya kwanza, kabla hata ya choo, ukijichoma unaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, hukamui, unakuja kwangu mimi, saa yoyote, na hakuna atakaekugombeza.

Vya kubeba, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde sababu simu hutaruhusiwa kuitoa mbele ya mama, viatu vyeusi vya kufunika miguu visivyoteleza, mimi nlipata mtumba wa Karume na vimedumu, kidaftari cha mfukoni, na kanga moja ya ziada, utashangaa kina mama wangapi wanafika hawana hata ya kumfunikia mtoto.

Prosija buku yangu saivi ina nafasi tupu nyingi kuliko ya mwaka jana. Uzalishaji nina saba nilizofanya kwa mikono yangu, wenzangu waliokua sehemu nyingine wana ishirini. Saba hizo ukiniamsha usiku nakueleza moja moja, nani alikua mama, mtoto alikua na uzito gani, na nlikosea wapi. Kanula nimeweka kumi na moja, na hizo mbili za mwaka jana zilizoandikwa tano nimemweleza incharji ukweli wake, akanisimamia nikazifanya upya zikafika tano kweli.

Mwezi wa kumi tunapangwa tena, wodi ya watoto. Nimeshaandika barua ya kuomba kurudi palepale.