Prosesa za Kichina: ulizia dunia kwanza, viini baadaye

Lalamiko ni lilelile: bodi yenye prosesa ya Loongson ya China imewaka, Linux imepanda, lakini programu uliyopakua inakujibu "No such file or directory" na faili unaliona kwa macho. Diski haina kosa. Umechanganya dunia.

LoongArch, usanifu ambao Loongson waliutangaza 2021, una dunia mbili, yaani mifumo miwili ya programu isiyoelewana. Ya zamani ni ya mifumo ya kibiashara ya mwanzo, yenye kerneli (moyo wa Linux) 4.19. Mpya ni ile iliyoingia rasmi kwenye Linux 5.19 mwaka 2022, pamoja na glibc (maktaba ya msingi ya programu za Linux) 2.36. Prosesa ni ileile, ila programu ya huku haiendi kule. Andika `file /bin/ls`: ukiona `/lib64/ld.so.1` uko ya zamani, ukiona `/lib64/ld-linux-loongarch-lp64d.so.1` uko mpya. Kwenye majina ya vifurushi vya deb (vya Debian na jamaa zake), `loongarch64` ni ya zamani, `loong64` ni mpya. libLoL, daraja kati ya dunia hizo, pamoja na moduli yake ya kerneli huendesha programu nyingi za zamani ndani ya dunia mpya, lakini usinunue mashine kwa kutegemea mkongojo.

1. Loongson 3A6000. Kwa meza ya kazi, hii ndiyo chaguo letu, na upendeleo hatuufichi. Ilitoka Novemba 2023: viini 4, nyuzi 8, 2.5 GHz. Imelehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo unachonunua hasa ni bodi. Weka vijiti viwili vya DDR4, si kimoja, maana chaneli ni mbili. Ongeza kadi ya AMD Radeon: dereva ya wazi iliyo kwenye kerneli kwa picha za ndani ya 7A2000 (chipu ya bodi inayoandamana na prosesa) inaonyesha skrini tu, 3D haina. Nvidia sahau.

2. Hygon. Mzizi wake ni leseni ya AMD Zen ya kwanza, hivyo ni x86 (usanifu wa kompyuta za Intel na AMD) na ugonjwa wa dunia mbili haiujui. Linux inaitambua tangu 4.20. Kwa seva yenye programu ambazo huna msimbo wake, chukua hii bila kubishana.

3. Kunpeng 920 ya Huawei. Ni ARM (usanifu kama wa simu), hadi viini 64, chaneli 8 za DDR4. Ukijaza vijiti viwili tu unalipia viini vitakavyokaa vikingoja kumbukumbu. Pima ukubwa wa kurasa za kumbukumbu kwa `getconf PAGESIZE`. Ikitoka 65536, programu yenye jemalloc (maktaba ya kugawa kumbukumbu) iliyojengwa kwa kurasa za 4K itakufa papo hapo na "Unsupported system page size". Ijenge upya.

Bei ndogo: Loongson 3A5000, iliyotangulia 3A6000. Inatosha kujifunzia, basi.

Wauzaji wa mitumba ndio wanaoudhi. Tangazo la Loongson 3D5000, prosesa ya seva, litaandika "viini 32" kwa herufi kubwa, bila kusema ni 3C5000 mbili za viini 16 ndani ya gamba moja, wala famuwea (programu inayowasha bodi) ni ya lini. Famuwea ya kale inaweza kukataa kabisa kuwasha kerneli ya dunia mpya, na muuzaji atakwambia bodi ni nzima kwa sababu kwake iliwaka na mfumo wa zamani. Kabla ya kutuma hela, dai picha mbili: skrini ya famuwea yenye tarehe, na jibu la `file /bin/ls`. Akisema hajui hiyo amri ni nini, punguza bei kwanza ndipo muongee.