Daraja la kina mama Gazi, nendeni jamani

Kama uko Diani ama Msambweni pitia Gazi, kuna daraja la mbao la kina mama limepita katikati ya mikoko, mama anayekutembeza anakuonyesha aina za mikoko, mkandaa, muia, mchu, na hilo jani la mchu ukililamba ni chumvi tupu. Lakini mimi kilichonifurahisha zaidi ni Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kutunza mikoko, wako hapo hapo kijijini, tangu 2013 wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya kaboni inayofyonzwa na mikoko ya hekta 117, na wanakijiji wenyewe ndo wanakaa kikao kuamua pesa iende wapi, maji ya bomba, vitabu vya shule, sio mtu wa ofisini Nairobi awapangie. Hivi ndo inavyotakiwa kila mahali! Chakula agizeni mapema, na jioni mbu wapo.