Nimeenda Toyota Center kumuona Durant, je hela yangu imerudi?

Ngoja nianze na hela maana ndo kitu bado kinauma. Mwaka 2022 mimi na mshkaji wangu mmoja Mkongo wa Uvira tulikuwa tunaingia Toyota Center, uwanja wa basketi wa Houston Rockets, timu ya NBA ya mji wetu, kwa dola kumi na mbili, kumi na tano, siku nyingine mtu kazini anakupa tiketi ya bure anakwambia chukua tu kama utavumilia. Na kweli ilikuwa ni kuvumilia, Rockets walikuwa wanapigwa kama ngoma, msimu wa 2020-21 walishinda 17 wakafungwa 55, uliofuata 20 kwa 62, uliofuata tena 22 kwa 60. Viti vitupu, unaanza juu kabisa kwenye dari unahamahama taratibu mpaka robo ya tatu unakuta umeshakaa mahali unasikia viatu vinavyolia kwenye mbao, na hamna mtu wa kukuuliza.

Safari hii, Ijumaa ya tarehe 24 Oktoba 2025, mechi ya kwanza ya ligi Kevin Durant, supastaa waliyemleta kutoka Phoenix Suns, timu ya kule jangwani Arizona, anacheza nyumbani Houston, kiti cha kona ya juu kabisa nimelipa dola 118. Alafu ukifika kwenye kulipa, ile aplikesheni (sio ya timu, ni ya wale wanaouza tiketi za mkono wa pili, jina naliacha) inakuongezea dola 31 inaziita za huduma, ambazo toka mwanzo haikuzitaja popote. Huduma gani sasa na tiketi yenyewe iko kwenye simu yangu mwenyewe?

Parking nayo, daah. Kuna kiwanja kimoja jirani pale, kibao kimeandikwa 20, jamaa wa getini anasema 45. Namuonyesha kibao, ananiambia "leo Durant", kama vile Durant ndo amemtuma. Nikageuza gari. Ushauri wangu kwa yeyote anayeenda, acha gari kituo cha Fannin South, panda treni ya METRORail ile laini nyekundu, dola moja na senti 25, shuka kituo cha Bell, tembea mitaa michache kuelekea mashariki umefika. Mimi na mshkaji wangu yuleyule tulifanya hivyo baada ya kupoteza nusu saa na tukaukosa muda wa kumuangalia Durant akipasha.

Tulisimama kwanza nje kwenye lile mnara la jezi namba 34 ya Hakeem Olajuwon. Kila nikipita pale nawaambia watu, huyu ni mtoto wa Lagos, kaja Houston kusoma, kaipa huu mji makombe mawili, 1994 na 1995. Na hilo la 1995 lina somo lake nitalirudia.

Uwanja wenyewe mimi sina shida nao. Umefunguliwa 2003, unaingiza watu kama elfu 18, na kitu kimoja wengi hawakijui mpaka wafike ni kwamba uwanja umechimbwa chini, yani unaingia usawa wa barabara alafu ndo unashuka, kwahiyo hata ukikaa juu huhisi uko mbinguni sana. Kwenye kona ya juu unaona goli moja vizuri na lingine unakisia. Lakini faida yake ni kwamba unaona jinsi wachezaji wanavyojipanga, kitu ambacho kwenye TV hukipati kabisa maana kamera inafuata mpira tu.

Sasa Durant. Jamani. Alikuwa na miaka 37 na usiku ule kafunga pointi 37, mtu akikwambia hivyo unadhani ni utani. Nilikuwa namuona kwenye TV miaka yote ila ukimuona kwa macho kinachokushangaza sio urefu, ni uvivu. Anatembea kama mtu anaenda dukani kununua vocha, anapokea mpira pale kwenye kiwiko cha boksi, anampa mgongo beki, anageuka mara moja, anaruka hata sio sana, na mkono uko juu kiasi kwamba yule beki anaruka anamalizia kwenye hewa kama anafukuza inzi. Ukumbi mzima unanyamaza kidogo mpira ukiwa juu, alafu ule mlio wa nyavu. Mshkaji wangu akanipiga kwenye bega, "Mi nilikuambiaka, ule muzee angali na mukono!" Alikuwa haniambii hivyo. Mwezi wa sita alikuwa analalamika kuliko mtu yeyote.

Na alikuwa na haki ya kulalamika kidogo. Kumpata Durant, Rockets walitoa wachezaji wao Jalen Green na Dillon Brooks, chaguo la namba 10 kwenye drafti ya 2025 (ile siku timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu) na machaguo matano ya raundi ya pili. Hiyo namba 10 ikatumika kumchukulia Phoenix nani? Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe pale Kampala, kacheza Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, kapita chuo cha Duke. Alivyoitwa jina akaanza kulia machozi, na mimi sebuleni nikajikuta na mimi natoa machozi, mke wangu akaniuliza kuna msiba? Mshkaji akanipigia simu saa hiyo hiyo, "Mutoto wetu banamupeleka jangwani juu ya muzee!" Tulihesabu kama angebaki hapa, kila mtu anayeongea Kiswahili Houston angekuwa na jezi yake.

Lakini ukikaa ukatulia, hiyo namba 10 ni hadithi ya kuchekesha. Hiyo chaguo ilikuwa ya Phoenix Suns wenyewe. Waliitoa Februari 2023 kwenda Brooklyn, pamoja na Mikal Bridges, Cam Johnson na machaguo mengine, ili wampate Durant. Brooklyn wakaja kuipeleka Houston 2024. Alafu Houston wakairudisha Phoenix 2025, kumpata Durant huyohuyo. Yani tiketi ileile imenunua mtu yuleyule mara mbili, ila mnunuzi wa pili kamnunua kwa bei ya mnada, kwa sababu wa kwanza msimu wa 2024-25 alimaliza na ushindi 36 akafungwa 46, hakugusa hata playofu (mtoano wa mwisho wa msimu), akawa anauza kwa haraka. Na Houston walibaki na machaguo mengine ya Suns ya mbele mfukoni.

Hapo ndo mimi na watu wanaosema "timu inayojijenga ikimbize supastaa" tunapoachana. Staa mzuri, nani asiyemtaka, ila kuna wakati wa kumfata na kuna wakati ambao ni kuvunja kibubu tu. Angalia Brooklyn, 2013 walichukua Kevin Garnett na Paul Pierce wakiwa wameshachoka, wakawapa Boston machaguo ya kwanza ya miaka mbele, Boston kwa hayo machaguo wakatoka na mastaa Jaylen Brown na Jayson Tatum. Brooklyn wakakaa chini miaka, wakajijenga upya kwa shida na vijana wa kuokoteza mpaka 2019 wakafika 42 kwa 40, timu tamu ya kuangalia kweli, alafu wakaingiwa na tamaa tena. Wakamleta Durant na Kyrie Irving, na Januari 2021 wakamuongeza James Harden kutoka hapahapa Houston. Wote watatu kwa pamoja walicheza mechi 16 za ligi. Kumi na sita! Hata daladala mpya inamaliza siku nyingi zaidi ya hapo kabla haijaenda gereji.

Rockets wao walipomuuza Harden walikaa na aibu yao. Kwenye drafti wakachukua Green namba 2 mwaka 2021, Alperen Şengün namba 16 mwaka huohuo, Jabari Smith namba 3, Tari Eason namba 17, Amen Thompson namba 4. 2023 tetesi zilijaa kila mahali kwamba Harden anarudi nyumbani, wakaachana nae, hela wakampa Fred VanVleet na Brooks, yani watu wa kufundisha watoto kazi, na kocha Ime Udoka mwenye sura ya mjomba asiyecheka. Msimu wa 2023-24 wakamaliza 41 kwa 41, uliofuata 52 kwa 30, namba mbili ukanda wa Magharibi. Wakakutana na Golden State Warriors kwenye playofu, mechi ya saba hapahapa nyumbani wakafungwa 103 kwa 89, na kila aliyekuwepo aliona tatizo, hamna mtu wa kumpa mpira mechi ikibana. Ndo wakaenda dukani. Mtu mwenye nyumba iliyoisha paa, milango na madirisha, akinunua kochi la bei hakuna anayemshangaa. Wewe una msingi na nondo zinachungulia, kochi unaliweka wapi, linyeshewe?

Na somo la 1995 nililosema ndo hilohilo. Februari ile Rockets walikuwa tayari ni mabingwa, wana Hakeem, wakamtoa Otis Thorpe wakamleta staa Clyde Drexler, wakaingia playofu namba sita na bado wakabeba kombe. Drexler hakuja kujenga, alikuja kumalizia.

Kinachonichekesha ni kwamba wapinzani wa usiku ule walikuwa Detroit Pistons. Hao 2023-24 walishinda 14 wakafungwa 68, wakafungwa mechi 28 mfululizo, na hawakukimbiza jina kubwa lolote. Walimshikilia Cade Cunningham, wakamletea wazee wa kazi kina Tobias Harris, kocha mpya, msimu uliofuata 44 kwa 38. Cade ndo alikuwa namba moja kwenye drafti ileile ambayo Green alikuwa namba mbili. Mmoja bado yuko kwao anaendesha timu, mwingine kashakuwa sarafu ya kununulia Durant. Na Pistons waliondoka na ushindi, 115 kwa 111. Kwahiyo nimelipa karibu dola 150 kuangalia supastaa akifunga 37 na akifungwa na timu ya vijana, alafu mtu aniulize kama nimeridhika.

Nimeridhika, sema kwa sababu ambayo sio niliyoilipia. Kitu ambacho tulikosa usiku ule ni mtu wa kupanga mpira, VanVleet aliumia goti mwezi wa tisa kabla ligi haijaanza, kwahiyo Amen Thompson anasukumwa kuupandisha mpira na ukikaa juu unaona kabisa njia zinavyoziba, watu wamejaa kwenye boksi kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Durant anaufata mpira mbali, anaupata zimebaki sekunde saba, nane, anatupa na mtu usoni. Inaingia kwa sababu ni yeye. Mwingine yeyote ungesema ni upuuzi. Hilo linanipa wasiwasi maana alikuwa na 37 na Oktoba ileile ya 2025 walimuongezea mkataba wa miaka miwili, mpaka dola milioni 90, na goti la mtu halisomi mkataba.

Şengün ndo mtu wangu. Siku tatu kabla ya hapo kule Oklahoma City alitupia 39, wakafungwa 125 kwa 124 baada ya kuongezwa muda mara mbili, na Oklahoma hao ndo mabingwa wa 2025, timu iliyomuuza staa wake Paul George 2019 ikachukua kijana aliyecheza msimu mmoja tu anaitwa Shai Gilgeous-Alexander na furushi la machaguo, ikakaa kimya. Sasa yule kijana ndo supastaa, hawakumkimbiza, walimlea. Huwa namuangalia Şengün nawaza hivyohivyo, na wasiwasi wangu ni kwamba mpira mwingi ukienda kwa mzee, kijana ataanza kusimama pembeni kama mgeni harusini.

Mapumziko nilishuka kutafuta chakula, kibanda kimoja nachos zenye jibini ya baridi na soda, dola 19, na foleni ilinila dakika kumi za robo ya tatu. Kuleni nyumbani. Ila wahudumu wa kuonyesha viti, hao nawapa tano kwa tano, kuna mama mmoja alimuona mtoto wa watu wa viti vya jirani analia kwa makelele akamletea vile vya kuziba masikio, hatukuomba.

Kwa hela yangu, Durant mwenyewe nampa tisa kwa kumi na bei ya kiti naipa nne. Kama hujawahi kumuona na una akiba, nenda, hachezi miaka kumi mingine huyu. Kama unapenda basketi yenyewe, subiri katikati ya wiki, aje mpinzani asiye na jina, tiketi zinashuka zenyewe ukisubiri mpaka saa moja kabla ya mechi.

Kwenye treni ya kurudi kulikuwa na dogo wa miaka nane hivi na baba yake, kavaa jezi ya Green, namba 4, kubwa mpaka magotini. Mshkaji akamuuliza kwa Kiingereza chake, mbona hujanunua ya Durant? Baba akajibu yeye, hii nilinunua mwaka jana, aivae mpaka imbane.