Kadi za maneno za watoto: picha nzuri, sentensi hakuna

Nimenunua boksi la kadi 120 za kujifunzia kusoma hapa Tanga, shilingi 18,000, kwa ajili ya mtoto wa dada yangu aliye darasa la pili. Kadi ni ngumu, zimepigwa plastiki. Uji umezimwagikia mara mbili na zimefutika safi. Herufi kubwa, picha zinapendeza. Kwa hayo sina neno.

Kinachoniuma ni kwamba kila kadi ina neno moja na picha moja, basi. Kwenye picha mbuzi ana ndevu. Kaa ana magando. Paa limeezekwa bati jekundu.

Jioni moja alikuwa ananisomea hadithi niliyomwandikia daftarini. Akafika "Bibi alipaa", akasimama. "Mama mdogo, bibi karuka juu kama ndege?" Nikamwambia endelea. "...samaki kwa kisu butu, magamba yakatapakaa jikoni." Nikaona macho yake yanarudi kwenye "alipaa", yanatulia pale, kisha uso ukakunjuka. "Aaa, anamtoa magamba!"

Chuoni tulisoma jaribio la mwanasaikolojia David Swinney la mwaka 1979: ukisikia neno lenye maana mbili, zote mbili huamka kichwani kwa kitambo kidogo mno, hata kama sentensi imeshaonyesha njia, halafu ile isiyofaa huzimika. Sasa mtoto aliyefundishwa maana moja ataamsha ipi ya pili?

Na Kiswahili chetu kinambeba msomaji. Mbuzi wa babu, mbuzi ya kukunia nazi. Kaa wa baharini, kaa la moto. Hiyo "wa", "ya" au "la" ndiyo inayokata shauri, nayo huja baada ya neno. Kadi yenye neno peke yake imeiacha nje. Mimi ni mwalimu, najua watoto wanaosoma neno sawasawa halafu sentensi inawapita.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wakichapa sentensi mbili nyuma ya kila kadi nitanunua boksi jingine la darasani.

Kwa sasa nabandika karatasi nyuma kwa gundi, maana plastiki haishiki wino. Jana tulikuwa kwenye "chungu". Nikaandika: "Chungu cha maharage kimepasuka." Chini yake: "Dawa hii ni chungu." Akaninyang'anya kalamu, akaongeza yake: "Viatu chungu nzima mlangoni."