Moshi wa ndege: kukadiria mtaa au dunia nzima?

Ukiuliza moshi wa ndege unadhuru mapafu ya nani, jibu litategemea modeli uliyoichagua, yaani programu ya kompyuta inayokadiria moshi unafika wapi.

AERMOD, inayotumika sana Marekani, huchukua moshi wa kutua na kupaa, kisha hukokotoa saa kwa saa jinsi upepo unavyousambaza, hadi kilomita 50 hivi. Uzuri wake ni kwamba inauona mtaa. Pale uwanja wa ndege wa Los Angeles upepo wa bahari huvuma kuelekea mashariki, juu ya makazi ya Lennox na Inglewood, ambako ndege hupita chini kiasi cha kuyaona magurudumu yake. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 vilikuta idadi ya chembe ndogo mno ikiwa angalau maradufu ya kawaida hadi kilomita 16 kutoka uwanjani. Mama anayelea mtoto pale anastahili ramani ya mtaa wake, si wastani wa dunia.

GEOS-Chem, modeli ya pili, huigawa dunia katika visanduku na kufuatilia kemia: oksidi za nitrojeni na salfa zikigeuka chembe mbali na zilikotoka. Utafiti wa mwaka 2010 uliotumia modeli hiyo ulikadiria vifo vya mapema 10,000 hivi kwa mwaka duniani, takriban 8,000 vikitokana na moshi wa ndege zikiwa juu kabisa angani. AERMOD peke yake isingeviona. Ila visanduku vikiwa vipana, Lennox nzima humezwa.

Kuamua shule ijengwe wapi, ningeanza na AERMOD. Kuamua kiwango cha salfa kwenye mafuta ya ndege, GEOS-Chem.